Tairi la Pikapu Halichaguliwi kwa Macho

Mwandishi aliyewashauri wenye Peugeot 504 pikapu wafunge matairi ya saluni, eti ni laini, ni rahisi na rimu ni ileile ya inchi 14, ametazama tundu akasahau mzigo. Kuingia kwenye rimu si kufaa.

Asome ubavuni. Tairi la saluni la 185/70 R14 kwa kawaida huandikwa 88, yaani linabeba hadi kilo 560. La 185 R14 lenye herufi C, la magari ya mizigo, mara nyingi huandikwa 102: kilo 850. Mawili ya nyuma yanatofautiana kilo 580, na hapo hujahesabu mashimo. Nani anayenunua 504 pikapu ili abebe mkoba? Tena lile la saluni ni fupi, kwa hiyo spidi mita itakuonyesha mwendo usiokwenda.

Kuhusu tairi la mtumba lenye kashata nene analolisifu, hapo ndipo aliponikera hasa. Kashata si umri. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2311 ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Mpira wa umri huo umekauka hata kama haujagusa lami, na nyufa zake huanzia ubavuni, pale muuzaji anapopaka dawa ya kung'arisha. Ukunje kwa dole gumba uone.

Na hayo matairi mapana ya kujionyesha anayoyapendekeza, kwa usukani usio na pawa, ajaribu mwenyewe kuegesha sokoni.