Bei ya Chupa na Thamani ya Zabibu

Hapana bidhaa ambayo mnunuzi huinunua gizani kama mvinyo. Samaki hufunuliwa shavu, wekundu wake ukatazamwa, na wahenga waliposema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza walisema kweli kwa vitu vionekanavyo na kushikika. Lakini chupa ya mvinyo imezibwa kizibo na kutiwa lakiri, wala haifunguliwi ila baada ya fedha kwisha kutolewa, hata mnunuzi hana shahidi mwingine mbele yake isipokuwa jina lililoandikwa, picha iliyochorwa na bei iliyobandikwa. Katika hali hiyo wengi huifanya bei kuwa kadhi, wakaamini kwamba kilicho ghali ndicho kizuri na kilicho rahisi ndicho kibaya. Mimi nashikilia kwamba bei ya chupa hutueleza habari za jina lake na za mikono iliyoipitia, zaidi kuliko habari za kilichomo ndani. Na kwamba mnunuzi wa Afrika Mashariki atakayejifunza kuisoma tijara hii atapata thamani bora kwa fedha yake, na papo hapo atamtendea insafu mkulima wa Dodoma, ambaye jasho lake aghalabu halijulikani lilikoishia.

Najua kuwa miongoni mwa wasomaji wako wasioonja kinywaji hiki kabisa, ama kwa amri ya dini, ama kwa hiari ya nafsi zao, nami sikusudii kumshawishi hata mmoja wao aache mwendo wake. Lakini maneno haya ni ya biashara na uadilifu, na mizani ya haki inamhusu kila mtu, anywaye na asiyekunywa.

Kwanza tutazame mahali ambapo jina limepata nguvu kuliko popote pengine. Mwaka 1855, Kaizari Napoleon wa Tatu alipoandaa maonyesho makubwa mjini Paris, madalali wa Bordeaux walitakiwa watoe orodha ya mashamba bora ya zabibu ya nchi yao. Nao hawakukaa kuonja upya, bali walitazama kila shamba lilikuwa likiuza mvinyo wake kwa bei gani kwa miaka mingi, kisha wakayapanga mashamba ya mvinyo mwekundu katika madaraja matano. Kwa njia hiyo bei ya jana ikawa daraja la leo, na daraja la leo likawa sababu ya bei ya kesho. Tangu hapo mashamba yamebadilisha wenyewe, mengine yamenunua ardhi ya jirani na mengine yameuza, ilhali orodha ile imebaki karibu vile vile. Badiliko mashuhuri ni la mwaka 1973, shamba la Mouton Rothschild lilipopandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza. Sisemi kuwa mvinyo wa mashamba hayo ni mbaya, la hasha. Nasema kwamba anayeununua hulipia vitu viwili kwa pamoja, zabibu na jaha, na katika mvinyo wa juu kabisa jaha ndiyo ilayo sehemu kubwa ya fedha.

Tena wenye mashamba hayo makuu ya Bordeaux aghalabu hawamuuzii mnywaji moja kwa moja. Mwenye shamba huzungumza na dalali, dalali humpelekea mfanyabiashara wa jumla, naye humuuzia muagizaji wa nchi ya ng'ambo, hata ifike kwa mwenye duka. Na sehemu kubwa ya mvinyo huo huuzwa katika majira ya kuchipua yanayofuata mavuno, ungali umo mapipani haujakomaa, mnunuzi akatoa fedha yake leo ili apokee chupa zake baada ya miaka ipatayo miwili. Katika mpango kama huo watu hununua sifa na matumaini, kwani kitu chenyewe hakijawa tayari.

Je, ulimi wa mjuzi hauwezi kutenganisha zabibu na jaha? Jawabu lilipatikana Paris tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza mmoja mwenye duka la mvinyo mjini humo, Steven Spurrier, alipowakusanya waamuzi wa Kifaransa, watu wa hoteli kubwa na wa biashara yenyewe, akawapa waonje mvinyo wa Ufaransa na wa California bila ya kuona majina. Mweupe ulioshika nafasi ya kwanza ulikuwa wa Chateau Montelena, na mwekundu ulikuwa wa Stag's Leap Wine Cellars, yote miwili ya mavuno ya mwaka 1973, yote miwili ya California. Na mizabibu iliyotoa huo mwekundu ilikuwa imepandwa miaka mitatu tu kabla ya mavuno hayo. Waliohukumu hawakuwa wajinga. Walinyimwa majina tu, wakabaki na ulimi peke yake, na ulimi ukasema neno ambalo orodha isingelisema. Mwaka 2008 wataalamu wa California walichapisha utafiti mwingine ulioongeza ithibati: waliwapa watu mvinyo ule ule mara mbili, mara moja wakitajiwa bei ndogo na mara nyingine bei kubwa, na watu wale wakaufurahia zaidi walipoambiwa kuwa ni ghali, tena ile sehemu ya ubongo inayohusika na ladha njema nayo ikaonyesha furaha zaidi. Basi bei hutia ladha, nasi tusipojihadhari tutakuwa tunainywa bei.

Turudi sasa kwenye rafu za maduka ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ambako mvinyo mwingi umetoka Afrika Kusini. Chupa moja ya mililita mia saba na hamsini, yaani robo tatu ya lita, inapofika mkononi mwa mnunuzi imekwisha beba gharama ya kioo, kizibo, lebo, sanduku, nauli ya meli, bandari na ghala, pamoja na ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa kipimo, si kwa ubora wa kinywaji. Gharama hizo hazijali kama ndani mna mvinyo wa fahari au wa kutupwa. Kioo ni kioo, na nauli ni nauli. Matokeo yake ni bayana kwa kila atakayetafakari: katika chupa ya bei ya chini kabisa, gharama hizo hula karibu fedha yote, na kinachobaki kununulia zabibu ni kidogo mno; katika chupa ya bei ya kati, gharama zile zile zimekwisha lipwa, na nyongeza uliyotoa, baada ya kodi na faida ya wachuuzi, inaweza kuingia ndani ya chupa; na katika chupa ya bei ya juu sana, nyongeza huanza tena kutoka nje, ikaenda kwa jina. Kwa sababu hiyo mimi humshauri atakaye thamani asishike ya chini kabisa kwa kubana fedha, wala ya juu kabisa kwa kutaka fahari, bali apande kidato kimoja au viwili kutoka chini na akae hapo.

Akiisha kukaa hapo, asome lebo kama mtu asomavyo hati ya kununulia kiwanja, na atafute mambo manne: zabibu ni ya aina gani, imeota wapi, imevunwa mwaka gani, na nani aliyeutengeneza mvinyo na kuutia chupani. Maneno ya sifa yasiyojibu hata moja la maswali hayo ni mapambo. Zabibu isiyo na umaarufu mkubwa aghalabu huuzwa kwa bei yenye insafu kuliko ile inayotajwa na kila mtu. Chenin Blanc, ambayo asili yake ni bonde la mto Loire huko Ufaransa na ambayo ndiyo iliyopandwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, ni mfano mwema. Mwaka wa mavuno nao una maana kubwa katika nchi zetu za joto, kwani mvinyo mweupe wa bei ya kawaida umekusudiwa kunywewa ungali mchanga, na ule uliosimama miaka juu ya rafu, jua la mchana likiupiga kupitia kioo cha duka, umekwisha pikwa kabla ya kununuliwa. Kizibo kilichojitokeza juu ya shingo ya chupa, au alama ya unyevu iliyokaukia chini ya lakiri, ni ushahidi wa joto. Muuzaji mwenye itibari hataudhika ukimwonyesha.

Na sasa nifike Dodoma, mahali ambapo hoja yangu yote inapata mwili. Bara lile kavu, lililo juu ya bahari kwa zaidi ya mita elfu moja, limepokea mizabibu tangu karne iliyopita kwa mikono ya wamisionari wa Kikatoliki, na misheni ya Bihawana ndiyo inayotajwa daima katika habari hiyo. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi na kuamka kuzaa mara moja kwa mwaka. Wa Dodoma haupati baridi ya kuulaza, basi mkulima huuamsha kwa mkasi, akaupogoa, nao ukachipua na kuzaa tena, hata mavuno yakawa mawili kwa mwaka, moja mnamo Machi na moja mnamo Agosti na Septemba. Lakini mavuno hayo si ndugu wa tumbo moja. Yale ya masika hukomaa katika maji na ukungu, magonjwa ya kuvu yakiyaandama na mvua ikiizimua sukari. Yale ya kiangazi hukomaa katika jua kali na hewa kavu, tunda likawa dogo na tamu. Mtu akikamua tone moja la maji ya zabibu juu ya kioo cha kipima sukari na kukielekeza kwenye mwanga, tofauti hiyo huiona kwa jicho. Na tofauti hiyo ndiyo mvinyo wenyewe, maana kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja hutoa asilimia moja ya kilevi, na mvinyo wa asilimia 12 hudai zabibu yenye sukari ya gramu zaidi ya 200 kwa lita.

Kituo cha utafiti cha Makutupora kimekuwa kikiishughulikia elimu hii kwa miaka mingi, na zabibu nyekundu iitwayo kwa jina la mahali hapo imezoea ardhi ile. Chenin Blanc nayo imeota huko. Kilichopungua si ardhi wala jua, bali ni soko lenye adili. Kiwanda cha umma cha DOWICO, kilichokuwa tegemeo la wakulima, kilidhoofika na kufa. Vikaja viwanda vya watu binafsi, na wakulima na wasindikaji wadogo wakajifunza kukamua na kuuza mchuzi wa zabibu ambao wengine hununua na kuumalizia. Zabibu haingoji. Ikiisha kukatwa na kutiwa katika kreti, saa chache za jua hutosha kuanza kuiharibu, na gari la mnunuzi likichelewa mkulima hana nguvu ya kubishana juu ya bei. Na pale anapolipwa kwa kilo tu, bila ya mtu kupima sukari, yeye aliyengoja tunda likomae hulipwa sawa na aliyelivuna bichi lenye maji mengi, tena huweza kupata hasara, kwa kuwa tunda lililoachwa likomae sana juani hupungua maji na uzito. Malipo ya namna hiyo humfundisha mkulima kuuza maji, kisha sisi tukaulaumu mvinyo wake kwa wepesi.

Nadai mambo mawili, nami nayadai kwa dhati. La kwanza ni kwamba zabibu zipimwe sukari mbele ya mkulima siku ya kupokewa, na bei ifuate kipimo. La pili ni lebo. Sheria ya ushuru ya Tanzania imekwisha utofautisha mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za nchini kwa zaidi ya asilimia 75, ikautoza kwa kila lita ushuru mdogo kuliko ule wenye zabibu nyingi za kigeni. Maana yake ni kwamba mtengenezaji hujua hesabu hiyo, na mtoza ushuru huijua pia. Ikiwa watu wawili hao wanaijua, kwa nini afichwe wa tatu, ambaye ndiye anayelipa? Kiasi cha zabibu za nchini, mahali zilipoota, na mavuno yaliyotumika, kwa mwezi na kwa mwaka, viandikwe waziwazi juu ya kila chupa, kwa Kiswahili, kwa herufi zisomekazo. Hapo ndipo mnunuzi ataweza kuchagua mvinyo wa kiangazi kwa kuujua, mtengenezaji mwema atapata malipo ya wema wake, na mwenye kughushi atakosa pa kujificha.

Hata kabla ya serikali kutenda, mnunuzi ana uwezo mkononi. Mwenye duka huagiza kile kinachoulizwa, na kiwanda hutengeneza kile kinachoagizwa. Basi ulizeni zabibu ni ipi, ni ya wapi, ni ya lini, na nani aliyeutengeneza mvinyo. Na pale ambapo muuzaji hana jibu, iacheni chupa, hata ikiwa imepambwa kwa dhahabu, mkampe fedha yenu yule anayeweza kujibu.