Sashe «ya kuoza» isiwe kisingizio cha kulaza sheria

Vijana wenzetu, wamama na wababa wa Goma, Bukavu na kwingine,

Tarehe 30 Desemba 2017, serikali yetu ilisaini dekre ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuzisha na kutumia masashe ya plastiki. Leo nenda soko yoyote: chumvi, unga, makala, vyote ndani ya sashe. Mvua ikinyesha, masashe yanaziba mitaro, yanashuka mpaka ziwa Kivu, na kule Ruzizi yanakwamisha mitambo ya umeme. Kisha tunalala mu giza.

Sasa tunasikia wimbo mupya: «Mungoje, masashe ya kuoza yanakuja.» Tuseme ukweli: sayansi hiyo iko. Wanachanganya PLA, plastiki ya wanga wa mahindi ao sukari ya miwa, ngumu lakini inavunjika haraka, na PBAT, laini na inavutika, ambayo kwa kawaida inatoka mu petroli. Wanaongeza udongo wa mufinyanzi, asilimia chache tu, uliotenganishwa kuwa vipande vyembamba sana, kama nanometa 1. Udongo ukisambaa vizuri, mufuko unakuwa imara. Ukibaki mabonge, mufuko unapasuka upesi. Hata wanga wa muhogo unaweza kutengeneza plastiki; shida yake ni kuvuta maji, na udongo unasaidia kuipunguza.

Lakini «ya kuoza» si kusema inaoza popote. PLA inataka joto ya digrii karibu 60, mu kiwanda cha mboji. Ziwa letu halina joto hiyo. Sashe ile itakaa mule miaka na miaka, udongo ao bila udongo. Nani ametuonyesha kiwanda cha namna hiyo mu miji yetu?

Njo maana tunadai:

1. Dekre itumike, kuanzia mupakani na kwa wauzaji wakubwa. Si kwa mama anayeuzisha nyanya chini.

2. OCC ipime kila sashe inayoitwa «ya kuoza», mbele iingie soko. Muuzaji aonyeshe inaoza wapi, kwa joto gani, kwa muda gani.

3. Maabara za vyuo vikuu vyetu zipewe feza, zijaribu muhogo wetu na udongo wetu.

Na sisi, tangu kesho, tubebe kikapo. Hatutangoja kiwanda ndiyo tusafishe mutaro wa avenyu yetu.

Sheria iko tangu 2017. Leta iitumikishe.