Chanjo ya mbwa si anasa

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wenzangu tunaofuga mbwa mijini. Wengi wetu huchukua mbwa alinde nyumba, tukampa makombo na mnyororo, basi. Mbwa anayefungwa kutwa nzima hawi mlinzi bora. Huwa mwoga na mkali, na mara nyingi anayeng'atwa ni mtoto wa jirani, si mwizi.

Kumfunza hakuhitaji mwalimu wa kulipwa. Mtoto wa mbwa azoeshwe watu na kelele za pikipiki mapema, kabla hajafikisha miezi minne. Akiitwa akaja, asifiwe na apewe dagaa. Fimbo humfunza hofu tu.

Gharama za daktari wa mifugo zinauma, hasa zikijumlishwa na dawa za minyoo na kupe. Lakini kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu daima huua. Sindano za kumkinga aliyeng'atwa ni kadhaa, na ni ghali kuliko chanjo ya mbwa.

Naziomba halmashauri zetu zipeleke chanjo ya bure kila mtaa, kila mwaka. Asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Nasi tusiwafiche mbwa wetu siku ya chanjo. Na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali bila kungoja dalili.

Mfugaji wa mbwa,
Morogoro