Kila Harusi Iwe na Mtu wa Makaratasi

Ndugu zangu wa Unguja, wa mjini na wa shamba,

Sheria ya Uraia ya Tanzania, Namba 6 ya mwaka 1995, katika kifungu cha 11, imempa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia njia yake ya kuomba uraia. Haikumwambia asubiri miaka mingapi. Imemwekea mpaka mmoja tu, nao hauna tarehe: anaweza kuomba wakati wowote, madhali mumewe yu hai. Mume akizikwa leo alasiri, kesho asubuhi njia hiyo haipo. Mjane anabaki kutafuta uraia kama mgeni mwengine yeyote aliyeshuka bandarini, ingawa watoto wake ni raia na nyumba anayolala aliingia akiwa bibi harusi.

Wanawake wa namna hii hawakosekani katika mtaa wowote wa Mji Mkongwe. Wapo waliotoka Lamu na Mombasa, wapo wa Ngazija, wapo waliokuja kutoka Yemen na Oman kwa jamaa zao, na siku hizi wapo Wazungu walioolewa Paje, Jambiani na Nungwi. Tunawaita shangazi, mama mdogo, bibi. Wanajua bei ya pweza Darajani kuliko sisi tuliozaliwa hapa. Hakuna jirani anayewaona wageni, na kwa sababu hiyo hakuna jirani anayewauliza kama wana karatasi.

Tumchukulie mmoja wa mfano, mwenyeji wa Lamu, mkaazi wa Kiponda, aliyeolewa katikati ya miaka ya 1980. Nikaha ilifungwa msikitini baada ya sala ya laasiri, walii wake akasafiri kuja, mashahidi wawili wakakaa mbele, mahari ikatajwa, mfungishaji akaandika kwenye daftari lake. Karatasi aliyopewa bwana harusi imekunjwa mara nne ndani ya kopo la biskuti, pamoja na picha za pasipoti zilizobaki na kadi ya kliniki ya mtoto wa kwanza. Ifungue polepole. Mkunjo wa katikati umepita juu ya jina la shahidi wa pili, herufi zimeliwa. Jina la mke limeandikwa Fatuma. Pasipoti yake ya Kenya inasema Fatma. Cheti cha kuzaliwa cha mwanawe mkubwa kinasema Fatima, kwa kuwa karani wa siku hiyo aliandika alivyosikia. Shahidi mmoja amefariki, mwengine alihamia Muscat na namba yake ya simu anayo mpwa wake tu. Mume alizaliwa Makunduchi mikononi mwa mkunga, hakuandikishwa, na mpaka leo hana cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo mke anapokwenda kutafuta uraia wake, cha kwanza anachogundua ni kwamba mumewe raia naye hana cha kuonesha kwamba alizaliwa.

Tazameni ushahidi wa ndoa hii uko wapi. Uko kwa watu: kwa walii, kwa mashahidi, kwa mfungishaji na daftari lake, kwa sheha, kwa jirani aliyepika biriani. Mke peke yake hana hata nusu yake. Ndiyo maana naandika kwenu nyote, na siandiki kwa wake wa kigeni tu.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Ndoa si jambo la Muungano. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayotajwa sana Dar es Salaam haitumiki huku kwetu. Ndoa zetu za Kiislamu na migogoro yake viko chini ya sheria za Zanzibar na Mahkama za Kadhi, na usajili wa ndoa, talaka, vizazi na vifo siku hizi uko kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, uliotokana na sheria ya mwaka 2018. Uraia na uhamiaji, kwa upande wao, ni mambo ya Muungano, na anayetoa uraia ni Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Karatasi iliyozaliwa katika daftari la msikiti wa Malindi inatakiwa isomeke na kuaminika mbele ya mtu aliyeko Dodoma ambaye hajapata kumuona mfungishaji wetu wala hajui kwamba Fatuma na Fatma kwetu ni mtu mmoja. Waziri huyo, kwa sheria ile ile, halazimiki kueleza sababu akikataa. Jalada likienda na pengo, pengo hilo hurudishwa kwako bila maelezo.

Sasa nije kwenye ninachokiomba.

Sisi ni watu wa harusi. Tunajua kuchangiana. Kamati ikikaa, hapo hapo tunampata mtu wa maturubali, mtu wa mchele na nyama, mtu wa sare za kanga, mtu wa kupokea wageni wa boti kutoka Dar es Salaam, mpambaji, mpigaji picha. Sijapata kukaa katika kamati yoyote ya harusi hapa Unguja ikauliza: cheti cha ndoa atakifuatilia nani? Tunaondoka na video ya saa tatu na hatuondoki na karatasi moja yenye mhuri. Naomba kuanzia sasa kila kamati imteue mtu wa makaratasi, kijana anayeandika vizuri na asiyeona haya kuuliza. Kazi yake si kubwa. Kabla ya nikaha, ahakikishe majina matatu ya bwana na bibi harusi yameandikwa kama yalivyo katika vitambulisho vyao, na kama mmoja ni mgeni, kama yalivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi. Ahakikishe barua za sheha zipo. Aandike majina kamili ya mashahidi pamoja na namba za vitambulisho vyao. Baada ya nikaha, asihesabu kazi imekwisha mpaka ndoa imesajiliwa na cheti kimetoka. Nakala moja ibaki kwa wazee wa mke, si ndani ya sanduku la mume peke yake.

Najua atatokea mzee wa barazani aseme ndoa ni ahadi mbele ya Mungu, karatasi za nini. Kwa hishima zote, mzee wangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Kama deni la shilingi linastahiki kalamu, mke hastahiki?

Hayo ni ya harusi zijazo. Kazi nzito iko katika ndoa zilizokwishafungwa, na hapo wakati unatukimbia, maana mashahidi ni watu wazima. Naziomba shehia zetu, Mkunazini, Shangani, Sokomuhogo, Malindi, na huko Chwaka, Bwejuu, Kizimkazi, Mkokotoni, zitenge siku moja ya makaratasi ya ndoa. Sheha awepo na baraza lake la ushauri, imamu awepo, na wasaidizi wa sheria wawepo. Tunao wasaidizi wa sheria katika majimbo, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwa kikiwafundisha na kuwasaidia wananchi tangu miaka ya 1990. Hakuna haja ya kuanza upya. Siku hiyo kila mwenye ndoa isiyo na cheti aje na alichonacho, hata kama ni kopo la biskuti. Shahidi aliye hai aje atoe maelezo, yaandikwe, aende akale kiapo mbele ya mwenye mamlaka ya kuapisha. Majina yanayogongana yaandaliwe hati ya kiapo. Mume asiye na cheti cha kuzaliwa aanze safari ya usajili wa waliochelewa siku hiyo hiyo, akisindikizwa na mkubwa wake aliye hai anayejua alizaliwa lini na wapi. Jambo likihitaji Mahkama ya Kadhi, watu wa mtaa mmoja wakafuatilie pamoja, wala asiachiwe mama mmoja kupanga foleni na bahasha yake.

Kwenda pamoja kuna faida nyengine ambayo haisemwi sana. Mwanamke aliyekaa miaka mingi na hati ya ukaazi iliyokwisha muda anaogopa kukanyaga ofisi ya serikali. Hofu hiyo ndiyo shamba la vishoka. Kishoka humsubiri nje, humwambia anamjua mtu ndani, huchukua fedha na pasipoti pia. Akiwa na sheha wake na msaidizi wa sheria, kishoka hana pa kusimama.

Waume, hapa nasema nanyi peke yenu. Maombi ya mke yanasimama juu ya uraia wako wewe: kitambulisho chako, cheti chako cha kuzaliwa, pasipoti kama unayo. Yuko mume asiyetoa nakala kwa uvivu, na yuko asiyetoa kwa kuwa mke mkubwa hajaambiwa habari za mke mdogo, na karatasi husema. Yuko pia anayeona mke asiye na uraia ni mke asiye na pa kwenda. Huyu wa mwisho wazee wa mtaa wamwite. Wengine nawakumbusha tu kwamba kifungu cha 11 kinahesabu pumzi zenu.

Lazima niseme na upande wa pili, ili asije mtu akalaumiwa kwa ushauri wangu. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anayepewa wetu anaukana wa kwao. Mwanamke wa Mombasa mwenye mama mgonjwa Kibokoni ana haki ya kupima jambo hilo kwa muda wake, bila mawifi kumharakisha. Na akishapata uraia, Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ni suala jengine lenye sheria yake. Asidhani vyote huja katika bahasha moja. Ninachotaka mimi ni kwamba siku akiamua, asikwame kwa sababu ya shahidi aliyekufa bila kuandikwa.

Kuna watakaosema uraia ni jambo la mtu na serikali yake, mtaa unaingiaje. Tuulize historia ya karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Wangazija wa Zanzibar waliambiwa kwamba wao si raia, na watu waliozaliwa na kufanya kazi hapa wakajikuta wakiombea walichodhani wanacho. Kila nyumba ilihangaika kivyake. Ng'ambo ya pili, Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walikaa Kenya miongo mingi bila vitambulisho. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu, kwa mamia, kuelekea Ikulu ya Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe uraia. Mwaka 2023 ikafika zamu ya Wapemba wa Kilifi na Kwale, jamaa zetu hawa hawa waliovuka kwa ngalawa na madau kufuata samaki. Nao walitambuliwa baada ya kudai kwa pamoja kwa miaka. Sisemi tutembee kwa miguu. Dodoma kuna bahari katikati. Nasema mtaa ukienda mzima, hujibiwa mapema kuliko mtu mmoja mmoja.

Na tudai kitu zaidi ya vyeti. Kifungu cha 11 kinamtaja mwanamke aliyeolewa na raia. Mwanamume aliyemuoa raia hakutajwa. Dada wa Jambiani aliyeolewa na Mtaliana na kaka yake aliyemuoa Mtaliana wamelelewa nyumba moja, lakini wifi ana njia yake ya ndoa na shemeji hana. Shemeji apite njia ya wageni wote, awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kabla ya hapo jumla ya miaka saba ndani ya miaka kumi. Wakenya walikwishalimaliza hili katika Katiba yao ya 2010: ndoa iliyodumu miaka saba inampa mwenza haki ya kuomba, mume au mke. Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya Muungano inakataza ubaguzi, na jinsia imetajwa humo kwa jina. Bunge likumbushwe kwa barua. Likumbushwe pia habari ya mjane: aliyeishi katika ndoa halali mpaka kifo asinyang'anywe njia na kifo hicho hicho.

Barua hiyo isipelekwe kwa Mwakilishi. Baraza la Wawakilishi halitungi sheria ya uraia. Iende kwa mbunge wa jimbo lako, yule anayekwenda Dodoma, na nakala kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Iwe ya ukurasa mmoja, itaje kifungu cha 11, itaje mambo mawili tu, mjane na mume wa raia, na chini yake watu wa shehia waandike majina matatu matatu na namba za vitambulisho. Wanaume nao watie saini. Likionekana ni jambo la akina mama tu, litawekwa chini ya mafaili mengine.

Harusi za Mfungo Mosi hazitachelewa. Kamati zikianza kukaa, kabla ya kugawana michango, mtu mmoja aulize swali la cheti. Na shehia iliyo tayari kwa siku ya makaratasi isisubiri jirani yake aanze: sheha atangaze msikitini baada ya sala ya Ijumaa, ataje siku, ataje skuli ya kukutania, awaambie watu waje na karatasi halisi pamoja na nakala mbili mbili, na kalamu zao.