Sindano za Mchina na Mizizi ya Nyanya

Nimeishika kalamu kwa sababu ya jambo linalonikereketa moyoni, na iwapo nitamwudhi yeyote, naomba aniwie radhi mapema.

Muhula uliopita palizuka ubishi mkali bwenini mwetu baada ya taa kuzimwa. Mmoja wetu, ambaye babake husumbuliwa na mgongo, alisimulia jinsi mzee huyo alivyokwenda Nairobi kwenye kliniki ya Wachina akadungwa sindano nyembamba kama unywele, mgongoni na, ajabu ya Musa, hata nyuma ya goti! Aliporudi nyumbani alikuwa akiinama na kuinuka bila kuguna. Wenzetu wakacheka hadi wakashika mbavu. "Goti na mgongo wapi na wapi?" Mwingine akadakia kwamba mambo ya Wachina ni ya Wachina, sisi Wameru na Waembu tuna miti yetu tangu jadi. Wa tatu, yule ambaye kila mtu humwita "Dokta" kwa vile anapata alama nzuri za Baiolojia, akasema yote mawili ni ushirikina mtupu. Prifekti akaja, akatunyamazisha, ubishi ukaisha bila mshindi.

Mimi sikutia neno usiku huo, na nitawaambia baadaye kwa nini.

Hebu tuanze na hizo sindano. Wachina wamezitumia kwa zaidi ya miaka 2,000. Wanaamini kwamba mwilini mna nguvu inayopita katika njia zake, kama vile maji yapitavyo katika mifereji ya shamba. Mfereji ukiziba mahali, mtu huugua, na kazi ya sindano ni kuuzibua. Sasa, hakuna daktari aliyempasua mtu akaiona mifereji hiyo. Hata hivyo, mwaka wa 1997 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani lilikubali kwamba sindano hizo husaidia kupunguza kichefuchefu na kutapika baada ya upasuaji au baada ya dawa za saratani, na pia maumivu baada ya kupasuliwa jino. Kuhusu mgongo, majaribio mengi yameonyesha kwamba wagonjwa hupata nafuu, lakini hata wale waliodungwa mahali pasipo penyewe, au waliodungwa kwa sindano za uongo, hupata nafuu isiyo mbali sana na hiyo. Kwa hivyo mwenzetu hakutudanganya, na waliocheka nao hawakuwa wapumbavu. Ila tu, jamani, mtu akikutolea sindano ambayo haikufunguliwa mbele ya macho yako, inuka uende zako. UKIMWI na homa ya ini havichagui sindano ya nani.

"Dokta" wetu naye namjibu kwa malaria. Katika miaka ya 1960 dawa ya klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa na malaria huko Asia, na mwaka wa 1967 serikali ya China ikaanzisha mpango wa siri wa kutafuta dawa mpya. Mwanamke mmoja, Tu Youyou, alipewa kazi ya kupekua vitabu vya kale vya waganga wa nchi yake. Katika kitabu cha Ge Hong, mganga wa karne ya nne, alikuta maelezo ya mmea uitwao qinghao: uloweke majini, uukamue, unywe maji yake. Tu Youyou akajiuliza, mbona hapa hapatajwi kuchemsha? Kumbe joto ndilo lililokuwa likiiharibu nguvu ya dawa. Akaitoa kwa njia isiyohitaji moto mkali, mwaka wa 1971 ikafaulu kwa wanyama, na kabla ya kuwapa wagonjwa aliinywa yeye mwenyewe. Mwaka wa 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Zile tembe ambazo mwenzetu wa Tharaka au wa Mbeere hupewa hospitalini anapopimwa na kukutwa na malaria, na ambazo Kenya ilizifanya dawa ya kwanza ya ugonjwa huo mwaka wa 2004, zimetokana na mmea huo. Je, huo ni ushirikina?

Lakini msinielewe vibaya mkakimbilia kupanda mmea huo nyuma ya jikoni. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kunywa chai ya majani yake, kwa kuwa kikombe hakina kipimo: leo dawa ni nyingi, kesho haitoshi, na vijidudu vinapata nafasi ya kuizoea.

Na wale wanaosema "cha asili hakina madhara" sijui walijifunzia wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels nchini Ubelgiji, wanawake wapatao mia moja waliotaka kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa na sumu, figo zao zikaharibika, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Mmea ni mmea. Hata mtunguja wa kando ya barabara ni wa asili, nani anautafuna?

Upande wa chakula sina ugomvi na Wachina hata kidogo. Kwao jiko na duka la dawa ni majirani. Mwanamke aliyejifungua hukaa ndani mwezi mzima akinyweshwa supu ya kuku yenye tangawizi. Si ndivyo ilivyo kwetu? Mama yangu, ambaye ni Mwembu wa kuoleka Imenti, husema kwamba nilipozaliwa alipewa uji wa wimbi na njahi hadi akaogopa kusikia mlio wa sufuria. Mahindi, maharagwe, terere, managu, nduma: vyote hivi tumevikuta. Kisha tunakuja shuleni tunavifanyia dharau, pesa zote za matumizi zinaishia kwa mandazi na soda. (Kuna jani jingine maarufu la kule Igembe ambalo wazee hulisifu kuwa ni dawa ya usingizi, yaani ya kuufukuza. Hilo sitalizungumzia, nisije nikafungiwa mlango nyumbani.)

Tukija kwa miti yetu, mfikirieni mwiria, ule ambao wataalamu huuita Prunus africana. Unamea katika msitu wa Mlima Kenya, na wazee wetu wamechemsha gome lake kwa maumivu ya tumbo na kifua tangu hapo. Wazungu walipogundua kwamba gome hilo huwasaidia wazee wanaosumbuliwa na tezi ya kibofu, wakalitengenezea vidonge, na magunia kwa magunia ya magome yakasafirishwa hadi Ulaya kutoka Kameruni, Madagaska na hapa kwetu Kenya. Miti ikachunwa hadi ikakauka imesimama. Mwaka wa 1995 ilibidi mwiria uwekwe chini ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Wachina wana kitabu cha karne ya nne. Sisi je, nani aliandika habari za mwiria kwa Kimeru, Kiembu au Kiswahili, akasema gome lichunwe upande gani ili mti usife, na kipimo kiwe gani? Nyanya zetu wanajua. Wakifa, wamekwenda nayo.

Sasa nieleze kwa nini nilinyamaza usiku ule. Nyanya yangu mzaa baba ana ugonjwa wa kisukari. Miaka miwili iliyopita, mchuuzi mmoja mwenye kipaza sauti alimwuzia sokoni unga wa kijani kibichi, akamwambia ni dawa ya Kichina iliyochanganywa na mizizi ya kwetu na kwamba inamaliza sukari kabisa katika siku 40. Shilingi elfu mbili na mia tano, pesa za majani chai. Nyanya akaweka tembe za hospitali chini ya godoro, akawa anakoroga unga wake asubuhi na jioni. Kliniki alikuwa akienda, na alipoulizwa kama anameza dawa alijibu, "Ndiyo, mwanangu." Hakudanganya kwa ubaya. Zamani, katika zahanati nyingine, aliwahi kutaja mizizi anayochemsha kwa ajili ya magoti, na mhudumu akaita wenzake waje wasikie kichekesho. Tangu siku hiyo akaapa hatamwambia mtu wa koti jeupe habari za kikombe chake.

Siku ya 33 tulimpeleka hospitali akiwa hajitambui. Alipona, lakini kidonda kidogo alichokuwa nacho mguuni kilikuwa kimeoza, na kidole gumba kikakatwa.

Basi mimi simlaumu Mchina, wala silaumu mizizi. Namlaumu mchuuzi asiyejua alichouza, na namlaumu aliyecheka. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inazitambua tiba za asili na tiba mbadala katika nchi hii, na KEMRI ina kituo cha kuchunguza dawa za jadi. Wataalamu wapo. Kinachokosekana ni mgonjwa aweze kusema "nakunywa pia hiki" bila kuaibishwa, na daktari aweze kuuliza kwa heshima, "Shosho, nyumbani unatumia nini kingine?" Swali hilo halina gharama. Lingekiokoa kidole cha nyanya yangu. Wewe "Dokta" wetu unayesoma haya, ukifika chuo kikuu ulikumbuke.

Nasi wanachama tuna kazi ya kufanya. Napendekeza likizo hii kila mmoja amwulize mzee mmoja wa kwao, aandike jina la mti kwa lugha ya nyumbani, jina la Kiswahili kama lipo, sehemu inayotumika, na onyo ambalo mzee atalitoa. Hatutaandika ili watu wakanywe. Tutaandika ili yasipotee, na anayejua kupima apate pa kuanzia. Mwalimu wa Baiolojia amekubali kutusaidia kwa majina ya kitaalamu.

Mimi tayari nimenunua daftari la kurasa 96. Nyanya amekwisha kunitajia miti kumi na mmoja, wa kwanza ukiwa mwiria. Wa kumi na mbili alikataa kuutaja. Alinitazama, akavuta shuka juu ya mguu wake, akasema nimalize shule kwanza.