Manono isingojee litiumu ili iwashe taa

Jina la Manono, katika jimbo la Tanganyika, liko tena katika midomo ya watu kwa sababu ya litiumu. Wageni wanatafuta nyumba ya kulala, na jioni muziki unalia katika nganda. Wakaaji wana haki ya kufurahi. Lakini wazee wa mji wanajua kwamba furaha hii imekwisha kupita hapa, na ikaondoka.

Wakati wa ukoloni, kampuni Géomines ilichimba bati Manono. Ili mashine zipate umeme, bwawa la Piana-Mwanga lilijengwa kwenye mto Luvua katika miaka ya 1930. Kukawa taa, barabara pana na nyumba za wafanyakazi. Kisha mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka katika soko la dunia, na kuanzia 1998 vita ikaharibu kilichobaki. Kazi ilipokwisha, taa zilizimika, na starehe za jioni zikaenda pamoja nazo. Mji unaoishi kwa shimo moja tu, siku shimo linapofungwa unalala njaa.

Lakini Manono ina mali nyingine juu ya udongo. Kuna majengo ya zamani ya kampuni, kuna mashimo makubwa ya bati, kuna mto Luvua unaoenda kukutana na Lualaba kule Ankoro. Mtu aliyekuja kwa kazi ya siku tatu angebaki siku ya nne kama kijana mwenyeji angemtembeza na kumwelezea historia hiyo. Siku hiyo moja ni chakula kwa mama anayeuza samaki na kazi kwa mwenye pikipiki.

Feza zinaweza kupatikana. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inatoa asilimia 15 ya redevansi kwa serikali za mashinani, na inalazimisha kampuni kutoa angalau asilimia 0,3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Tunaomba viongozi wafanye mambo matatu kabla feza hizo hazijaanza kuingia. Kwanza, waandike orodha ya majengo ya zamani, yasibomolewe kimyakimya. Pili, taa za barabarani ziingie katika mapatano na kampuni, ili mwanamke anayefunga biashara usiku afike nyumbani salama. Tatu, nganda ziwekewe masharti: saa ya kufunga ijulikane, na mtoto asionekane ndani, si kama mteja, si kama mtumishi. Tunajua namna wasichana wadogo wanavyopotea katika miji ya madini wakati feza ni nyingi na serikali imelala.

Litiumu nayo itakwisha siku moja. Kinachojengwa leo kwa feza zake ndicho watoto wa Manono watabaki nacho.