Mtoto akiandika nyimbo za huzuni, usichane daftari

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja wa safu hii alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Alikuwa anafua sare za binti yake wa kidato cha pili, akakuta kwenye begi daftari lililojaa nyimbo alizotunga mwenyewe. Karibu zote zilihusu upweke na kukosa usingizi.

“Mwanangu, nilichane au nimpeleke hospitali?” aliniuliza.

Kabla ya kumjibu nilimsimulia habari za Arlo Parks.

Huyu ni mwimbaji na mtunzi wa London, Uingereza, aliyezaliwa 2000. Baba yake ana asili ya Nigeria, mama yake ana asili ya Chad na Ufaransa. Alianza kuandika mashairi na hadithi akiwa bado mwanafunzi, kisha akayageuza kuwa nyimbo. Wimbo wake wa kwanza, “Cola”, ulitoka 2018 akiwa na miaka 18.

Mwaka 2020 akatoa “Black Dog”, yaani mbwa mweusi, jina la mafumbo ambalo Waingereza huipa sonona. Anamwimbia rafiki aliyezama kwenye ugonjwa huo. Hamhubirii wala hamlaumu. Anambembeleza tu atoke chumbani, huku akikiri kuwa inauma kumwona hivyo.

Albamu yake ya kwanza, “Collapsed in Sunbeams”, ilitoka Januari 2021. Septemba mwaka huohuo ikashinda tuzo ya Mercury, kubwa kwa albamu za Uingereza na Ireland. Alikuwa na miaka 21.

Lakini Septemba 2022 alifuta maonyesho kadhaa Marekani. Alisema wazi kuwa amechoka, afya yake ya akili imedhoofika na anarudi nyumbani kupumzika. Mei 2023 alikuwa ameshatoa albamu ya pili.

Mzazi, hapa kuna mambo mawili.

Kwanza, kuandika huzuni si ugonjwa. Kijana wengi hawana maneno ya kumwambia mama au baba, ila kwenye karatasi yanatoka. Ukilichana daftari, umefunga mlango ambao angeweza kuutumia kukufikia.

Pili, kuandika si tiba inayotosha. Hata mwenye kipaji na tuzo alihitaji kusimama na kusema hawezi. Kwa hiyo mwangalie mtoto mwenyewe kuliko daftari lake. Je, kwa zaidi ya wiki mbili halali vizuri au analala kupita kiasi? Ameacha kula? Anajitenga na marafiki? Ameshuka darasani ghafla? Hapo mpeleke kituo cha afya. Akitaja kufa au kujidhuru, usimwache peke yake na umpeleke siku hiyohiyo.

Yule mama nilimshauri aanze kwa kuomba radhi, maana alisoma cha mtu bila ruhusa. Kisha aulize swali moja tu na anyamaze.

Juzi alinitumia ujumbe. Binti alinuna siku nzima. Usiku akamfuata jikoni, akaanza kumsaidia kuosha vyombo, akasema rafiki yake wa pekee amehamishwa shule na tangu hapo halali. Jumatatu wanakwenda wote kumwona mwalimu wa ushauri nasaha.

Daftari limerudi kwenye begi.